Nyumba ya Gasto Isiyo na Madirisha

Shemeji yangu Gasto hajawahi kusema uongo kwa mdomo wake. Kazi hiyo ameiachia kamera. Nilikuwa nikisema hivyo mbele ya watu, na watu walicheka, na Gasto mwenyewe alicheka, kwa kuwa ni mtu wa kucheka hata pale anapochekwa. Naandika habari zake kwa sababu zimeshasimuliwa na wengine, kuanzia Mwika mpaka Minneapolis, na sipendi habari za ukoo wetu zibaki mikononi mwa watu wasiojua kuandika.

Gasto ni mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu, Naftali. Alikuja Minnesota mwaka 1991 kusoma uhasibu katika chuo kimoja cha Saint Paul. Alisoma mihula mitatu, kisha yeye na uhasibu wakaachana kwa amani. Tangu hapo anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kusini mwa Minneapolis. Anawaamsha, anawaogesha, anawavisha, anawalisha, anawarudisha kitandani. Katika barua zangu za nyumbani niliandika kwamba yuko upande wa afya. Ni kweli. Hata mfagizi wa hospitali yuko upande wa afya.

Mimi nilikuja mwaka 1995, miaka miwili baada ya Naftali kufariki, kukaa na binti yangu Brightness huko Brooklyn Center. Nilikuwa nimestaafu ualimu, na kwa miaka kumi na minne ya kazi yangu nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana. Shahada yangu ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya mwaka 1971. Naitaja sasa kwa sababu itahitajika huko mbele.

Kamera ya Gasto ni Pentax ya zamani. Kwa kamera hiyo amewapiga picha karibu Watanzania na Wakenya wote ninaowafahamu hapa, na picha hizo zote zimekwenda nyumbani. Mtu asidhani ni picha za kumbukumbu. Picha ya kupeleka nyumbani ina sheria zake: lazima usimame karibu na kitu, na kitu hicho kikuzidi ukubwa. Theluji ni ya mgeni wa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo watu wa nyumbani wanataka gari. Gasto ana koti moja la sufu, tai nyekundu na miwani isiyo na vioo, na vitu hivyo vimevaliwa na wanaume wengi kiasi kwamba kule Moshi nadhani wanaamini ni sare ya Minnesota.

Baada ya ibada alikuwa akiwapeleka wateja kwenye maegesho ya maduka makubwa. Anachagua gari jipya, anasubiri mwenyewe aingie dukani, anapiga. Siku moja Mkenya mmoja, Kerubo, alikuwa ameegemeza mkono juu ya gari la bluu, uso umejaa umiliki, mara mwenye gari akatokea na mifuko yake. Mahali pengine ungesikia matusi. Bwana yule alisimama pembeni mpaka picha ikaisha, halafu akauliza kama wangependa alisogeze gari kidogo, maana jua lilikuwa likimpiga dada machoni. Watu wa Minnesota wana adabu hata huwezi kuwadhulumu kwa raha.

Mimi nililaani mchezo huo hadharani. Nilisema heshima ya mtu haiazimwi kwenye maegesho ya magari. Naomba msomaji akumbuke kwamba nilisema.

Desemba ya mwaka 1996 Gasto alikwenda nyumbani, kama Mchagga yeyote mwenye nauli, akarudi na jina la Haika kinywani. Haika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Marangu, binti wa watu wanaojiheshimu, tena wanaojua kwamba wanajiheshimu. Barua zikaanza kwenda na kurudi. Wazee wetu walipopeleka posa, walijibiwa kwa upole kwamba binti bado anafikiri. Jibu lenyewe hasa lilitufikia kwa mlango wa nyuma: baba yake alisema hawezi kumpa binti yake mtu aliyevuka bahari kwenda kuosha makalio ya Wazungu. Nani aliyewaambia, sijui. Mimi nilikuwa nimeandika "upande wa afya" kwa herufi zinazosomeka.

Basi katika ile nyumba ya wazee alikuwapo bibi mmoja, Margaret, mwenye miaka themanini na minane, aliyekuwa mwalimu kama mimi. Dirishani kwake palikuwa na mmea mrefu wenye majani kama panga. Gasto alipouona mara ya kwanza alinipigia simu kutoka kazini.

"Shemeji, Mzungu ana isale kwenye ndoo."

"Isale gani?"

"Isale lenyewe. Sisi tunalipanda mpakani na makaburini, yeye kaliweka pembeni ya televisheni. Analimwagilia kwa kijiko."

Kwa asiye Mchagga nieleze kwa kifupi. Isale ni mmea wa mipaka na wa makaburi, lakini zaidi ya yote ni mmea wa msamaha. Mtu akikukosea, kisha akakujia na jani la isale mkononi, huwezi kukataa kumsamehe. Ukikataa, kosa linahama kwake linakuja kwako.

Margaret alizaliwa Zumbrota, mji mdogo, mwendo wa saa moja kusini mwa Saint Paul. Huko kuna daraja la mbao lililojengwa mwaka 1869, lenye kuta na paa kama ghala la mahindi. Ndilo la asili pekee la namna hiyo lililobaki katika jimbo zima. Kwa zaidi ya miaka sitini lilikuwa limeondolewa mtoni na kuwekwa nchi kavu, kama mzee aliyestaafishwa kwa lazima, na mwaka 1997 wakalirudisha juu ya maji. Margaret alikuwa akilivuka akiwa msichana. Alitaka kuliona tena likiwa na mto chini yake, lakini nyonga zake zilikuwa zimekataa safari. Akamwomba Gasto ampigie picha.

Tulikwenda Jumamosi moja ya Oktoba. Mimi nilikwenda kwa sababu Gasto akiwa na kamera lazima awepo mtu wa kumsimamia. Nilitegemea tungemaliza kwa dakika tano, daraja halikimbii. Gasto alilala kifudifudi kwenye majani akiwa na suruali safi. Akashuka mpaka ukingoni mwa mto, akapanda upande wa pili. Akaingia ndani, akasimama nusu saa nzima chini ya yale maboriti yaliyopishana, akisubiri jua lipenye kwenye nyufa za mbao mahali alipotaka yeye. Sijapata kumwona akisubiri hivyo kwa ajili ya gari.

"Hili paa la nini?" nilimuuliza. "Mto unaogopa mvua?"

"Linalinda mbao za chini zisioze. Margaret anasema kubadili paa ni rahisi kuliko kubadili daraja."

"Kwetu kuna watu hawana bati, huku hata daraja limeezekwa."

"Hilo liandike kwenye barua, shemeji. Watacheka."

"Siandiki upuuzi kwenye barua."

Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita. Ilipobaki moja, alitoa lile koti na tai kwenye buti la gari akavaa.

"Nipige na mimi, nimpelekee mama."

Sikuwa nimewahi kushika kamera, lakini mtu mwenye shahada hashindwi na kitufe. Nilimweka katikati ya mlango wa daraja. Niliukwepa mto kwa kuwa ulikuwa na matope, nikalikwepa bango la maelezo kwa kuwa liliharibu mandhari. Ilitoka picha nzuri sana. Bila kujisifu, ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote za siku ile.

Zile thelathini na tano alipewa Margaret, akaomba zibandikwe ukutani zote. Ile moja niliitia kwenye barua yangu ya mwaka mpya kwa mama mkwe.

"Andika kwa nyuma kwamba ni daraja," Gasto aliniambia.

"Mwenye macho ataona," nilimjibu, nikaandika: Gasto, Oktoba 1997, hajambo.

Mama mkwe hajui kusoma. Barua zangu husomewa na mwinjilisti wa usharika, mtu mwenye sauti nzuri na mawazo mengi kuliko barua yoyote. Jibu lilifika mwezi wa pili, kwa mwandiko wake huyo mwinjilisti. Waliiona nyumba ya Gasto. Waliuona na mlango wake, mpana hata gari linaingia na mwenyewe akiwa amekaa ndani. Walijiuliza kidogo kuhusu madirisha, lakini mwinjilisti aliwaelimisha kwamba kule kwenye baridi watu wenye uwezo hawaweki madirisha. Jumapili picha ilinyanyuliwa juu mbele ya usharika, ikatolewa sala ya shukrani kwa ajili ya nyumba. Mwisho kabisa, kama kitu kidogo, paliandikwa kwamba baba yake Haika ametuma neno. Binti amemaliza kufikiri.

Nilicheka peke yangu mpaka Brightness akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama ninaumwa. Halafu nikausoma tena ule mstari wa mwisho, kicheko kikaisha.

Gasto nilimsomea mstari huo tu. Alizunguka chumba mara tatu. Ningewezaje kumharibia mtu furaha ya namna ile? Nilikaa mezani nikajibu barua: Tunamshukuru Mungu kwa yote anayotutendea. Isomeni sentensi hiyo mara nyingi kadiri mpendavyo, hamtapata uongo ndani yake. Nimefundisha insha miaka ishirini na mitatu, najua kutunga sentensi isiyokamatika.

Ningeendelea kumshukuru Mungu hivyo hivyo mpaka siku ya harusi, lau asingekuwapo Mzee Alfred. Alfred ni baba mkubwa wa Haika, mstaafu, mzee wa kanisa, mtu ambaye neno lake katika ukoo wao ndilo la mwisho. Mwezi wa nne aliandika kwamba angekuja Minnesota mwezi wa sita na ujumbe wa kanisa uliokuwa unatembelea sharika marafiki. Angepewa Jumamosi moja ya mapumziko. Angependa kuitumia nyumbani kwa Gasto, aione nyumba kwa macho yake, ili akirudi familia ipange tarehe.

Niliipeleka barua hiyo mtaa wa Phillips, alikokuwa Gasto amepanga chumba kimoja katika fleti anayoishi na Mkenya aitwaye Muriuki. Muriuki alikuwa jikoni akikaanga mayai. Gasto aliisoma barua akiwa amesimama.

"Nyumba gani?"

Ilibidi nimweleze. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, na hata hivyo haikusikika vizuri.

"Shemeji, si nilikwambia uandike daraja?"

"Usinifundishe kuandika."

"Hii si kitu, mathe," Muriuki alisema kutoka jikoni. Huniita mathe, nami huvumilia. "Rafiki yangu Jeptoo ako na nyumba Blaine, mpya kabisa. Tunai-borrow hiyo Saturday moja. Tunaweka viatu za Gasto kwa mlango, basi."

Naona haya kusema kwamba nilimuuliza, "Ya rangi gani?"

"Nyeupe."

"Ya kwenye picha ni nyekundu."

"Mwambie alipaka rangi."

"Na madirisha?" Gasto aliuliza. "Niliyapaka na madirisha?"

Muriuki akarudi kwenye mayai yake. Gasto akasema atamwambia mzee ukweli palepale uwanja wa ndege, kabla hajashusha begi.

"Utasema nini?" nikamwambia. "Kwamba usharika mzima uliliombea daraja? Ukoo wa marehemu kaka yako utachekwa kuanzia Mwika mpaka Rombo. Na Haika utamsahau. Utanyamaza mpaka nitakapokwambia useme."

Gasto aliikunja barua akanirudishia. Ndiyo tabia yake. Tangu nilipoolewa kwao hajawahi kunijibu mara mbili.

Nilipanga mambo kama nilivyokuwa nikipanga mahafali. Mzee angepelekwa Zumbrota aone kwa macho. Kisha Gasto angemwomba radhi akiwa na jani la isale mkononi, na mzee, akiwa Mchagga, asingekuwa na njia. Kosa la picha, nilijiambia, ni la aliyepigwa.

Siku ya Ijumaa nilikwenda kwa Margaret kuomba jani. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu chini ya zile picha thelathini na tano.

"Jani la nini?" aliuliza.

"Kwetu ni la kuombea msamaha."

"Umemkosea nani?"

"Si mimi. Ni la Gasto."

Akanitazama kwa jicho la mwalimu anayesikiliza habari ya daftari lililoliwa na mbuzi. Jicho hilo nalijua, nimelitumia.

"Gasto huyu anayenifunga viatu? Amefanya nini?"

"Ni habari ndefu."

"Huwa ndefu," alisema. "Sisi huku tunaoka bakuli la viazi na nyama ya kusaga, tunaliacha mlangoni mwa tuliyemkosea, tunaondoka kabla hajafungua." Akachukua mkasi wake wa kucha, akakata jani polepole mpaka likatoka. Nililifunga kwenye kitambaa chenye maji, nikaliweka kwenye mkoba.

Jumamosi tulimchukua Mzee Alfred kwa wenyeji wake. Alivaa suti nyeusi, tai, na kofia aliyoishika mkononi. Ile picha ilikuwa ndani ya Biblia yake. Gari la Gasto ni la siku nyingi na linatoa moshi, lakini mzee alikaa kiti cha nyuma kama askofu.

"Kazi Minneapolis, kulala huku?" aliuliza tulipokwisha kuuacha mji, mashamba yakiwa kushoto na kulia.

"Ni mbali kidogo, mzee," nikasema.

"Kila siku?"

"Barabara ni nzuri."

Hapo pia, ukitazama, hamna uongo. Gasto aliendesha akitazama mbele tu.

Tulipofika, mzee alishuka, akaitoa picha, akailinganisha na kilichokuwa mbele yake. Uso wake ukafunguka. "Ndiyo yenyewe," alisema. Akavaa kofia ili apate ya kuvua, akatembea mpaka kwenye mlango mkubwa, akaivua, akasimama wima.

"Hodi," akasema.

Kutoka gizani akaja bwana mmoja na mkewe na mbwa wao mkubwa. Wakamtabasamia mzee, wakamtakia siku njema, wakaenda zao. Mzee alitugeukia.

"Ni wapangaji?"

Kabla hatujajibu, mwanamke mwenye baiskeli akatupita na kuingia ndani bila kushuka. Mzee Alfred alimfuata kwa macho. Halafu akaingia mwenyewe. Tulisikia viatu vyake kwenye mbao, polepole, vikienda mbali, vikisimama katikati, vikisimama sana, kisha vikirudi.

"Mama Brightness. Nyumba hii ina mto chini yake."

"Ndiyo, mzee."

"Na imetokea upande wa pili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni daraja."

"La mwaka 1869," nikasema, kana kwamba umri ungesaidia.

Alikwenda kukaa kwenye benchi, kofia juu ya goti. Alipozungumza hakupandisha sauti, na ningependelea apandishe.

"Nimesimama mbele za watu nikasema, ndugu zangu, kijana amejenga. Mimi. Kwa mdomo wangu." Akamgeukia Gasto. "Na mtoto wetu Haika unamdanganya kwa barua tamu."

"Haika anajua, mzee," Gasto alisema.

"Anajua nini?"

"Kwamba ni daraja. Nilimwandikia wiki ileile tulipotoka huku. Nilimtumia nakala za picha tano, za mbele, za ndani na za mtoni. Kazi yangu pia anaijua. Anawajua mpaka wazee wangu kwa majina. Huwa ananiuliza Margaret hajambo."

"Mbona hakusema?"

Gasto alinitazama kidogo, akatazama chini. "Alisema. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba alimpelekea baba yake zile picha za mto. Baba yake akamjibu kwamba hizo ni za daraja, sawa, lakini nyumba ni nyumba. Akasema barua iliyoandikwa na Mama Brightness haiwezi kuwa na makosa."

Nimesifiwa mara nyingi katika maisha yangu, na nilikuwa nikizipenda sifa hizo. Ile ya siku ile ilinifikia kutoka Marangu ikiwa kamili. Binti alikuwa amesema kweli na picha mkononi, na kweli yake ilishindwa na mwandiko wangu.

Nilifungua mkoba, nikakifungua kitambaa. Gasto alinyoosha mkono alipokee jani, kama tulivyokuwa tumepanga. Hakununa, wala hakusita. Mkono wake ulikuwa tayari. Hicho ndicho kilichonishinda. Nilimpita, nikaenda mpaka kwenye benchi, nikapiga goti moja kwa kuwa la pili lina baridi yabisi, nikamnyooshea Mzee Alfred jani kwa mikono miwili.

"Mzee, picha niliipiga mimi. Mto niliukwepa mimi. Waliponiandikia kuhusu nyumba, nilijua, nikamshukuru Mungu. Gasto aliniomba niandike ni daraja, nikakataa."

Mzee hakulipokea upesi. Alivaa miwani akaliinamia. Akachana ukingo wake kwa ukucha, akaunusa.

"Umelitoa wapi?"

"Kwa bibi anayeogeshwa na Gasto."

"Ni isale," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameomba lisiwe. Akalitazama lile daraja, akanitazama mimi pale chini, akalipokea. "Haya. Inuka, mwalimu, watu wanatutazama. Nimepokea. Lakini sijasikia kwamba isale linakataza masharti."

"Sema, mzee."

"Tunapiga picha nyingine hapa hapa, na mto uonekane. Kwa nyuma unaandika wewe, mwandiko huo huo wanaouamini. Na mwinjilisti aisome mbele ya usharika, Jumapili, pale pale ilipoombewa nyumba."

"Mwinjilisti ataongeza ya kwake."

"Andika kwa kifupi asipate nafasi."

Yule bwana wa mbwa alikuwa anarudi. Gasto alimpa kamera na kumwonyesha kitufe. Bwana akauliza kwa adabu kama tungependa mto uingie au aukwepe, kwa kuwa ulikuwa na matope kidogo.

"Hasa mto," Mzee Alfred alimwambia kwa Kiingereza safi. "Matope yote."

Kabla ya kumrudisha kwa wenyeji wake alitaka amwone aliyetoa jani. Mtu aliyetoa isale, alisema, ni vizuri ajue limefika. Margaret alikuwa dirishani. Gasto aliingia na suti yake ya kumpokea mgeni, akaona kamba ya kiatu cha bibi imelegea, akachuchumaa akaifunga huku akimweleza jinsi jua lilivyokuwa darajani. Hakujua kwamba anatazamwa. Mzee Alfred alisimama mlangoni mpaka kiatu cha pili kikaisha kukaguliwa.

"Yule aliyekosa alisamehewa?" Margaret aliniuliza.

"Alisamehewa."

"Vizuri," alisema. "Nilidhani ungehitaji majani mawili."

Kule nje, kwenye korido, mzee aliweka kofia kichwani. "Wakwe wasio na nyumba nimewaona wengi," alisema. "Wengine walijenga baadaye. Harusi itakuwa Januari, nitamwambia baba yake hivyo." Akaanza kutembea, akasimama. "Ila siku hiyo, mama, usiguse kamera."

Picha ilisafishwa Jumatatu. Tumesimama watatu ukingoni, mimi katikati nimekunja uso, daraja nyuma yetu na mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa mbele. Niliigeuza, nikachukua kalamu yangu ya wino, nikaandika:

Hili ni daraja, mji wa Zumbrota, Minnesota. Lilijengwa mwaka 1869 na si letu. Gasto hana nyumba, amepanga chumba. Kazi yake ni kuwaogesha na kuwatunza wazee, na anaijua. Kosa la picha ya kwanza ni langu.

Nikasaini jina langu kamili, na chini yake nikaandika shahada na mwaka wake, ili mwinjilisti asije akasema imeandikwa na mtu mwingine.